Makindu, vitunguu na tanki la dizeli

Mimi nimeendesha lori Mombasa Nairobi miaka 11, kabla treni ya SGR haijaanza kubeba makontena na kazi ikapungua, na katika hiyo miaka 11 nadhani nimekula Makindu, ule mji wa njiani, kwa Kalasinga, yaani Masikh, kuliko nilivyokula kwa mke wangu. Sio utani. Dereva yeyote wa hiyo barabara muulize Makindu kuna nini atakwambia kuna chakula cha bure, usiku mchana, unavua viatu unafunga kitambaa kichwani unakaa chini unaletewa dengu, mboga, wali, chapati moto moto na chai ya maziwa, ukishiba unaosha sahani unaondoka, hakuna anayekuuliza dini yako wala kabila lako. Na mimi nilikuwa nakula tu, miaka nenda miaka rudi, wala sijui mle ndani kwenye lile jumba wanafanya nini. Nilijua wana vilemba, hawanyoi ndevu, na magari wanayajua. Basi.

Mpaka siku gari iliponifia pale.

Ilikuwa Alhamisi jioni mwaka 2012, nimetoka bandarini na kontena, klachi ikaisha kabla sijafika Makindu, tukajikokota tukajikokota mpaka pembeni ya mji gari ikakataa kabisa. Kampuni niliyokuwa nafanyia wakati huo siitaji jina, wakaniambia speya itatoka Mombasa, subiri, wakanitumia kwa simu hela ya kula ya siku moja. Ya watu wawili. Siku moja! Klachi ilifika Jumapili.

Mimi na utingo wangu tukapanga zamu, mmoja analala kwa gari analinda mzigo, mwengine anaenda gurdwara, manake pale wana vyumba vya wasafiri. Gurdwara ndo jina la nyumba yao ya ibada, maana yake mlango wa Guru, yaani mwalimu. Nikafika getini nikakumbuka nina pakiti ya sigara mfukoni, na tumbaku pale hata kwa dawa haiingii, pombe vilevile, nikarudi hatua zote hizo kuiacha kwa gari. Hizo siku tatu kila nikitaka kuvuta nilikuwa navuka barabara kubwa na malori yanapita kama wazimu, wallahi nilivuta sigara chache kuliko wakati wowote ule tangu nianze, sio kwa uchamungu, ni kwa kuogopa kugongwa.

Usiku wa kwanza nilishakula nikawa sina la kufanya. Nikasikia watu wanaimba kwa ndani nikachungulia mlangoni, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akaniashiria niingie. Nikasita. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Mombasa, nimesoma madrasa, na niliona watu wanaingia wanainama mpaka paji la uso linagusa chini mbele ya kile kitabu, nikasema hapa sasa nimejiingiza wapi. Yule mzee akaniona nilivyoganda akanijia akanambia kwa Kiswahili safi kabisa, cha Kisumu, "Kijana, wewe kaa tu hapo nyuma, kichwa umefunika, viatu umevua, imetosha." Nikakaa nyuma.

Nilichokiona ndo kilinifanya nianze kuuliza maswali. Kitabu chao kinakaa juu ya kitanda kidogo, kina mito, kina chandarua cha kitambaa juu yake, na kuna mtu nyuma anakipepea na usinga kama vile zamani watu walivyokuwa wakipepea sultani. Wakasoma sala ya usiku, ya kabla ya kulala, inaitwa Kirtan Sohila, wala si ndefu. Kisha wakakifunga kitabu, wakakifunika vitambaa vizuri vizuri, mmoja akakibeba kichwani, kichwani kweli, wengine wanamfuata, wakakipeleka chumba kingine chenye kitanda. Wakakilaza. Yaani kitabu kinalazwa usiku kama mtu, na asubuhi kabla ya jua kinaamshwa.

Nikamuuliza mzee, sasa hiki kitabu mnakiabudu? Akacheka. Nilimuita Mzee tu, wenzake walikuwa wanamuita Babaji, alikuwa fundi magari zamani Kisumu, amestaafu, anakuja Makindu anakaa mwezi mzima anafanya kazi jikoni bila malipo. Akanambia hapana, tunaabudu Mungu mmoja, lakini kitabu ndo Guru wetu. Walikuwepo Guru kumi, watu wa damu na nyama, wa kwanza Guru Nanak aliyezaliwa 1469 huko Punjab, mahali ambapo leo ni Pakistani, na wa mwisho Guru Gobind Singh. Huyu wa kumi mwaka 1708 karibu na kufa kwake akasema baada yangu hakuna Guru mtu tena, Guru ni kitabu. Ndo maana kinaitwa Guru Granth Sahib na ndo maana wanakiheshimu kama mfalme aliye hai. "Mwalimu wako akija kukaa kwako utamlaza sakafuni?" Nikasema hapana. "Basi."

Ule mstari wa kwanza kabisa wa kitabu nilimuomba anifasirie kesho yake na akanifasiria huku tunamenya vitunguu. Mungu ni mmoja, jina lake ni kweli, ndiye muumbaji, hana hofu, hana uadui na yeyote, wakati haumgusi, hakuzaliwa, yupo kwa nafsi yake, anajulikana kwa neema ya Guru. Alipofika kwenye "hakuzaliwa" mimi kisu kilisimama. Mtu yeyote aliyepita madrasa atajua kwa nini, Suratul Ikhlas, ile sura ya Kurani isemayo Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, tunaisoma tangu hatujaota meno. Sisemi dini ni moja, wala sitaki ugomvi na mtu hapa, wao kwa mfano wanaamini roho inazaliwa tena na tena mpaka iungane na Mungu, na hapo njia yetu na yao inaachana mbali sana, mimi najua nikifa nangoja kiyama. Lakini huo mstari ulinikaa.

Halafu akanibwaga kabisa aliponambia ndani ya kile kitabu mna maneno ya Waislamu. Nikasema Mzee usinidanganye. Akasema Sheikh Farid, sufi wa Punjab aliyeishi mamia ya miaka kabla ya Guru Nanak, beti zake zimo. Kabir yumo, mshairi ambaye wanasema alilelewa na wafumaji Waislamu. Na Guru Nanak alipokuwa anasafiri nchi kwa nchi alikuwa na rafiki yake, Mardana, Muislamu, ndiye aliyempigia rababu wakati yeye anaimba. Aliyekusanya kitabu chenyewe ni Guru wa tano, Guru Arjan, mwaka 1604, na karibu chote ni mashairi ya kuimba, kimepangwa kwa mahadhi ya muziki. Mimi mtoto wa pwani hilo nililielewa haraka sana, sisi kitu kikiwa na maana lazima kiwe na vina na mahadhi.

Sasa hivo vitunguu. Nilianza kumenya Ijumaa asubuhi kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa nimekula Alhamisi usiku, nimelala kitanda kisafi, nimeamka nimekula tena, nikatoa noti ya mia mbili nikampa mama mmoja anayegawa chapati. Akanitazama kama nimemtukana. Akanambia mwanangu sanduku liko kule ndani, ukitaka tia, usitake usitie, hapa hatuuzi. Nikajiona mjinga. Nikarudi kwa Mzee nikamwambia nipeni kazi basi, siwezi kukaa kama mwali. Akanipeleka jikoni akanipa karai la vitunguu.

Wenyewe kazi hiyo wanaiita sewa, kutumikia, na kwao ni ibada kabisa sawasawa na kusoma. Lile jiko na kile chakula ndo langar. Nilimkuta pale bwana mmoja wa Nairobi mwenye gari ambayo mimi siwezi kuinunua hata nikiuza figo, anasugua masufuria amekunja suruali, na pembeni yake kijana wa Kikamba wa hapohapo Makindu anamuamrisha, "suuza tena hiyo, bado ina mafuta", naye anasuuza. Hakuna kiti, hakuna meza ya wakubwa, wote chini kwenye mstari mmoja. Mzee alinambia hilo lilipangwa makusudi tangu zamani, kwa sababu kule India watu wa tabaka tofauti walikuwa hawali pamoja, hata maji hawagusani, sasa ukitaka kumuona Guru kwanza ukae chini ule na maskini. Hata Akbar, yule mfalme wa Wamughal, wanasimulia kwamba alipoenda kumtembelea Guru wa tatu alikalishwa chini akala na wengine.

Kuna kosa nilikuwa nafanya miaka yote na hakuna aliyewahi kunisema. Chapati nilikuwa naipokea kwa mkono mmoja, mwengine nimeshika simu. Nilipokuwa mimi ndo nagawa, Jumamosi mchana, ndo nikaona wenyewe wanavyopokea, mikono miwili imekutana kama unavyokinga maji ya bomba. Mtu aliyenyoosha mkono mmoja alikuwa dereva mwenzangu, namjua kwa sura. Nikamtazama nikajiona mwenyewe.

Nimeruka, ngoja nirudi. Ijumaa hiyo asubuhi kuna familia ilikuwa na jambo lao, wakaanzisha Akhand Path. Hiyo ni kusoma kitabu chote mwanzo mpaka mwisho bila kukatika, kurasa 1430, na popote duniani utakapokifungua kitabu hicho kurasa ni zilezile 1430. Inachukua kama saa 48. Wanapokezana, huyu akichoka mwenzake anakaa pembeni yake, anaanza kusoma naye pamoja, kisha wa kwanza ananyamaza polepole anatoka, sauti haikatiki hata sekunde. Na wanawake wanasoma pia. Nililala chumbani usiku wa Ijumaa, nikiamka saa tisa nasikia sauti, nikienda msalani nasikia sauti, malori yanapita nje yanabadilisha gia na ile sauti iko palepale. Nilizoea mpaka Jumapili ilipokwisha masikio yangu yakaona pengo.

Saa tisa za usiku hizo Mzee huwa kashaamka. Anaoga maji baridi, anachana nywele zake ndefu na kichana kidogo cha mbao, anazifunga, anazungusha kilemba, kisha anasoma sala za asubuhi kwa moyo, ya kwanza Japji, ya Guru Nanak mwenyewe. Jioni jua likizama kuna nyingine, Rehras, na usiku ile Sohila niliyoisikia. Nikamwambia sisi tuna tano, akasema na sisi ukihesabu zinafika tano, ila asubuhi tunasoma tatu pamoja. Kile kichana ni mojawapo ya vitu vitano wasivyoviacha wale waliobatizwa, kama naweza kusema hivo: nywele zisizokatwa, kichana, bangili ya chuma, kaptura ya ndani ya aina yake, na kisu kidogo ndani ya ala. Kile kisu nilikuwa nakiogopa siku zote. Akanambia ni cha kumlinda mnyonge, si cha kuchokoza mtu, na hata yeye cha kwake hajawahi kukitoa kwa hasira. Yote hayo yalianza 1699 huko Anandpur, Guru Gobind Singh alipowakusanya watu siku ya sikukuu ya Vaisakhi, ndo wanaume wakapewa jina Singh, maana yake simba, na wanawake Kaur. Sisi tukalichukua tukatengeneza Kalasinga, wazee husema limetoka kwa mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh. Mzee hakukasirika nilipolitamka, akasema ameitwa hivo tangu utotoni.

Bangili yake ya chuma ndo naikumbuka zaidi, kila akikoroga sufuria la dengu inagonga ukingoni, ting, ting.

Na Makindu kwa nini, hiyo nayo nilimuuliza, mbona msijenge mjini. Akanambia reli. Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896 walileta mafundi na vibarua kutoka India, Masinga wengi wakiwemo, maseremala na wahunzi, na Makindu ilikuwa kituo, wakawa wanakutana hapo kusali. Hilo jumba lilijengwa 1926. Halafu mzee akaanza hadithi za Joginder Singh na mbio za magari za Safari Rally, alishinda 1965, 1974 na 1976, hapo jiko lilisimama, kila fundi aliyekuwepo ana lake la kusema, mpaka mama wa chapati akapiga kelele dengu inaungua.

Jumamosi alasiri ndo ikaja ile siku yenyewe. Tuko vitunguu tena. Mzee ananieleza kwamba dini yao ukiibana inabaki mambo matatu, kulikumbuka jina la Mungu, kula jasho lako la halali, na kugawana ulichonacho. Akanisimulia Guru Nanak alifika mji mmoja akaenda kukaa kwa Lalo, seremala maskini. Tajiri wa hapo, Malik Bhago, akafanya karamu kubwa akamuita, Guru hakwenda. Akaitwa tena, akaulizwa kwa nini anakataa chakula kizuri anakula mkate mkavu wa seremala. Akashika mkate wa Lalo mkono mmoja na mkate wa tajiri mkono wa pili, akakamua. Wa Lalo ukatoka maziwa. Wa tajiri ikatoka damu.

Mzee akachukua kipande cha chapati kilichobaki kwenye karai akakikamua mkononi. Hakikutoka kitu, akacheka, akakila.

Simu yangu ikaita. Nikaona jina, nikaiacha. Ikaita tena. "Si ushike?" Nikasema ni mtu wa mafuta. Ilinitoka tu. Kwa wale hamjui, hiyo barabara ina watu wao, unapita center fulani usiku unasimama dakika kumi, mitungi inajaa kutoka tanki ya lori, unapewa chako mkononi unaendelea. Dizeli ya kampuni. Nilikuwa nafanya hivo karibu kila safari, na wengi tulikuwa tunafanya, nikijitetea kwamba mshahara mdogo, kampuni wenyewe wezi, hela ya kula siku moja, na kadhalika.

Mzee hakuuliza mtu wa mafuta ni nani. Akaendelea kukata. Baadaye kidogo akasema, kama anaongea habari za hali ya hewa, "Hiyo gari yako na mzigo inakunywa lita ngapi mpaka Nairobi?"

Nikamwambia 300, ile hesabu tunayoandikia ofisi.

Akanyamaza. Fundi wa miaka 40 unamwambia gari inakunywa 300. Akapangusa macho, sijui kitunguu sijui kicheko, akasema, "Hiyo tanki imetoboka kijana. Tafuta tundu liko wapi."

Basi. Hakusema lingine. Sikufundishwa kitu kipya pale, haramu ni haramu nilishaambiwa madrasa nikiwa na miaka saba na fimbo juu. Lakini nilikaa na kisu mkononi nikapiga hesabu ya mara ngapi nimekuja hapa, nimeegesha nje, nimekaa chini na watu, nimekula chakula ambacho mtu ametoa fungu la kumi la pato lake ili mimi nile, na mfukoni nina hela ya mitungi. Karai liliisha sikumbuki kama nilikata vipande au nilikata vidole.

Jumapili asubuhi usomaji ukafika ukurasa wa mwisho. Watu walikuwa wameshuka na mabasi kutoka Nairobi, ukumbi umejaa. Wakasimama wote kwa dua yao, Ardas, mikono imekutana, kisha kitabu kikafunguliwa mahali popote panapokuja na msomaji akasoma, hiyo ndo amri ya siku, wanaiita hukam, nyumbani na kazini watu wanaenda wakiifikiria. Niliomba Mzee anambie imesema nini, akasema leo imekuja ndefu, nitakwambia ukipita tena. Mjanja. Wakagawa halua, wao wanaiita karah prashad, unga na samli na sukari kwa kipimo sawa, unakinga viganja inawekwa ya moto. Sisi wa Mombasa kwa halua tuna maringo, ila ile nilikula nikalamba vidole.

Klachi ikaja saa saba, saa kumi na moja jioni tukawasha. Nilitia kitu kwenye sanduku, sitasema ngapi.

Msidhani nilibadilika siku hiyo. Wiki mbili baadaye nilimuuzia yule jamaa mitungi miwili, mtoto alikuwa anadaiwa karo. Lakini kila nikipita Makindu na Mzee yupo alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, hata salamu hajamaliza. Tundu umeliona? Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikamwambia bado natafuta. Mwaka uliofuata katikati ya Ramadhani nikapanga safari nifike pale magharibi nifuturu, wakanipa maji na tende alizoleta Muislamu mwenzangu wa hapo mjini, na dengu yao ileile, na nikamkuta kwenye sufuria, ting, ting, akageuka akaniuliza. Nikamwambia nimeliziba Mzee. Na siku hiyo ilikuwa kweli, ilikuwa imetimia kama miezi miwili hivi.

Akanitazama. Kisha akanisogezea karai la vitunguu.